Siku ya 34

Mtathmini hasara wa kampuni ya bima alikuja kwenye nyumba ninayopangisha na tochi, kipima unyevu na ndoo tupu ya lita 20. Tochi na kipima unyevu nilivielewa. Ndoo sikuielewa mpaka aliponiomba mpira wa maji uliopasuka.

Nyumba ilikuwa haina mtu. Mpangaji aliyetangulia alikuwa amehama, mwingine hajaingia, na jirani ndiye aliyenipigia simu baada ya kuona maji yakichuruzika chini ya mlango. Nilikuta makabati ya jikoni yamevimba hadi milango haifungiki, na chini ya sinki ule mpira wenye wavu wa chuma unaounganisha bomba na koki umepasuka, sentimita 2 hivi kutoka kwenye nati. Nilifunga vali kuu, nikapiga picha kabla ya kufagia maji, nikauweka mpira kwenye mfuko badala ya kuutupa, nikaiarifu kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Hayo yote niliyafanya sawasawa. Kosa nilikuwa nimelifanya wiki kadhaa nyuma, na nilikuwa sijalijua bado.

Mtathmini aliufunga mpira ule mahali pake, akaukingia ndoo, akaniambia nifungue vali huku ameshika saa. Ndoo ilijaa kwa dakika 2 na nusu: lita 8 kwa dakika. Tukaenda kwenye mita ya maji. Namba ya mwisho niliyokuwa nimeiandika ilikuwa ya siku fundi wa rangi alipomaliza kazi, na tangu hapo zilikuwa zimepita uniti 19, yaani lita 19,000. Akagawanya pale pale, kalamu mkononi: saa 40, kasoro kidogo. Mimi nilifunga vali saa 3 asubuhi, siku ya 36 tangu mpangaji aliyehama anikabidhi funguo. Ukirudi nyuma saa 40, mpira ulipasuka siku ya 34, jioni.

Hati yangu ya bima iliweka kikomo cha siku 30.

Kipengele chenyewe kilikuwa kifupi. Nyumba ikikaa bila mtu anayeishi humo zaidi ya siku 30 mfululizo, kampuni hailipi hasara ya maji yanayotoka mabombani, wizi wala uharibifu wa makusudi, isipokuwa vali kuu iwe imefungwa na nyumba ikaguliwe angalau mara moja kila siku 7, tarehe zikiandikwa. Kosa langu lilikuwa hilo: vali niliiacha wazi. Moto na radi vilibaki ndani ya bima. Hati nyingine hutoa siku 60 au 90. Yako inasemaje, ni juu yako kuisoma. Nilijitetea kwamba fundi wa rangi alikuwepo siku ya 24, 25 na 26. Akanijibu bila ukali kwamba kupaka rangi si kuishi: kinachotazamwa ni nani analala humo. Hoja yenyewe ina mantiki. Nyumba yenye watu, maji haya yangeonekana ndani ya dakika 10 na hasara ingekuwa kitambaa cha kupigia deki.

Nikadai basi kodi niliyoipoteza, maana mpangaji mpya asingeweza kuingia. Nayo ikakwama. Kipengele cha kodi hakisimami peke yake: hulipa pale tu nyumba isipokalika kwa sababu ya janga ambalo lenyewe linafidiwa. Janga likikataliwa, kodi inaanguka nalo. Mpangaji anayeishi ndani na hataki kulipa ni jambo jingine kabisa; hiyo ni bima ya dhamana ya kodi, inayonunuliwa kando, na mara nyingi hutaka uwe umemchunguza mpangaji na kipato chake kabla ya kusaini mkataba.

Kabla hajaondoka, mtathmini alipiga magoti akamulika nyuma ya bomba la maji machafu. Alichoma ubao wa nyuma kwa ncha ya bisibisi, ukazama kama sabuni iliyolowa. Pembeni palikuwa na mabaka meusi yaliyopangana duara ndani ya duara. “Hili,” akasema, “lisingelipwa hata siku ya kwanza.” Maji ya mpira uliopasuka ni ajali ya ghafla. Tone linalodondoka miezi kadhaa ni uchakavu, na bima haichukui nafasi ya fundi. Kwa hiyo nilikuwa na hasara mbili ndani ya kabati moja, na kampuni huzitenganisha kwa chanzo hata kama wewe unaona ubao mmoja tu ulioharibika.

Jambo moja liliniokoa nisifutiwe bima yote: nilipohama humo nikaanza kupangisha, niliwaarifu kwa maandishi. Bima ya nyumba unayoishi mwenyewe haigeuki kuwa ya kupangisha kwa kunyamaza kwako, na ukinyamaza kampuni inaweza kukataa dai lolote, hata la moto.

Wiki iliyofuata nilikaa na dalali wa bima tukaipitia hati upya. Alianza na kiasi cha bima. Nilikuwa nimeandika bei niliyonunulia, pamoja na kiwanja. Kiwanja hakiungui. Kinachotakiwa ni gharama ya kuijenga upya leo, ukiongeza kubomoa, kuondoa kifusi na ada za wataalamu. Ukiandika 60 mahali palipostahili 100, hati nyingi hupunguza kila dai kwa uwiano huo huo: hasara ya 10 inalipwa 6, kisha linatolewa fungu la kwanza ambalo ni lako kulibeba. Tukaweka dhima, yaani fidia ninayoweza kudaiwa na mtu aliyeumia kwenye nyumba yangu, endapo mgeni wa mpangaji atateleza kwenye ngazi iliyolegea. Hicho ndicho kipengele ambacho nisingekiacha hata ningebanwa vipi na bajeti. Kodi tukaiwekea miezi 12, kwa sababu baada ya moto mkubwa vibali na ujenzi huila miezi 6 upesi. Vitu vya ndani niliandika vile vyangu tu: jiko, pazia, majokofu.

Mpangaji mpya alipoingia aliuliza kama televisheni yake imo. Haimo, na niliandika hivyo kwenye mkataba ili akate bima yake. Mipira yote ya maji nilikuwa nimeshaibadilisha, na nati nikazikaza kwa mkono kwanza, kisha robo mzunguko kwa spana. Nati iliyokazwa kupita kiasi huweza kupasuka yenyewe baadaye. Kando ya vali kuu nilitundika daftari. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili namba ya mita, ya tatu sahihi.