Msomaji wa Saa Tisa Usiku

Leo nimeamka, na kabla sijapiga goti nikashika simu kuangalia ni wangapi wamesoma tafakari zangu mtandaoni. Nayaandika haya ili nisije nikajifanya nimesahau.

Tafakari ya jana, ile ya Maombolezo, imesomwa na watu saba. Ya wiki iliyopita kuhusu ndoa bado inapanda, na sababu naijua: niliipa kichwa cha kuchokoza, ndani sikuwa na la maana. Wale saba walinivunja moyo. Nikajikuta napiga mahesabu ya nini niandike kesho ili mstari wa idadi ya wasomaji upande tena, na hapo ndipo nilipojishtukia.

Si kwamba kuhesabu ni dhambi. Kuna kitabu kizima cha Biblia kinaitwa Hesabu, na humo Mungu mwenyewe ndiye aliyemwagiza Musa. Wakapatikana wanaume 603,550 wa kwenda vitani. Lakini Daudi alipohesabu, tauni ilifuata. Hata Yoabu, jemadari wake, mtu asiyesifika kwa upole, alimwuliza mfalme jambo hili analitakia nini. Hakusikilizwa. Wakazunguka nchi miezi 9 na siku 20. Kila nikifika 2 Samweli 24 nakwama palepale, maana sura haisemi waziwazi kosa lilikuwa lipi. Dhana yangu ni kwamba alitaka tu kuiona nguvu yake imeandikwa. Moyo ulimchoma baada ya kuletewa idadi. Mimi unanichoma kabla, na bado naangalia.

Na namba zenyewe ni za kuchekesha. Aliyefungua akafunga papo hapo anahesabiwa sawa na aliyesoma mara mbili akanyamaza. Programu zinazopekua intaneti usiku kucha nazo zimo. Mimi nikirudi kusahihisha nukta, nimo. Lakini mke akimsomea mumewe asiyeona, mume hayumo.

Mchana nimesoma tena Matendo 8. Filipo yuko Samaria, mambo yanamwendea vizuri, makutano yanamsikiliza kwa nia moja, mji umejaa furaha. Katikati ya mavuno hayo anaambiwa aondoke, ashike njia iteremkayo kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, njia ya jangwa. Ningekuwa mimi ningeomba ufafanuzi. Yeye akaondoka, akamkuta mtu mmoja garini, mwangalizi wa hazina ya Kandake, malkia wa Waethiopia, anasoma Isaya. Filipo alijuaje anachosoma? Alimsikia. Huyo bwana alikuwa anasoma kwa sauti, peke yake, maneno asiyoyaelewa. Filipo hakumhubiria kwanza; alimwuliza kama yanamwelea hayo anayosoma, ndipo akaalikwa kupanda akae naye.

Makutano yote yale, kisha kiti kimoja garini. Nimekaa na picha hiyo hadi jioni.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Miaka kadhaa nyuma niliandika tafakari fupi juu ya Zaburi 88, ile isiyomalizia kwa sifa kama zaburi nyingi za kilio. Katika Biblia yetu neno lake la mwisho ni "gizani", basi, imekwisha. Haikupata wasomaji, na mwenzangu mmoja aliniambia inakatisha tamaa. Nikaiacha. Sasa kwa wiki ya tatu mfululizo naona kitu kilekile: tafakari hiyo inafunguliwa mara moja tu kila usiku, kati ya saa tisa na saa kumi. Mara moja, kisha kimya hadi kesho yake.

Huenda ni programu imepangiwa saa. Inawezekana kabisa, na ingekuwa haki yangu, baada ya maneno yote haya juu ya Filipo, nikute nilikuwa namwombea roboti. Lakini roboti, nadhani, angepitia zote. Huyu anarudi pale pale.

Nimeifungua niisome kama angeisoma yeye. Aya ya tatu imejaa maelezo ya kujionyesha; nimeyafuta. Mwishoni nilikuwa nimebandika sentensi ya kuchangamsha, ya kuziba lile giza ambalo zaburi yenyewe imeliacha wazi. Nimeitoa pia. Palipokuwa na "ulipwe" nimeandika "upweke". Wiki zote hizi anasoma kosa langu na hajalalamika.

Nimeangalia tena kabla ya kulala. Leo Zaburi 88 imefunguliwa mara mbili. Moja ni mimi.