Kumbukumbu ya mradi: taka za hosteli yetu, muhula wa pili

Wiki za kwanza

Hosteli yetu ipo Morogoro, nje ya chuo. Nyuma ya ukuta kuna shimo la taka ambalo huwashwa moto kila likijaa, na moshi wake unajua njia ya kuingia vyumba vya nyuma kuliko wenye vyumba. Kwenye kikao cha wapangaji wengi walitaka tubandike mabango ya "tunza mazingira". Mimi na mwenzangu wa chumba tukaona bora tuanze na swali jingine: nani anahitaji nini kati ya vinavyotupwa humu? Tukavaa glavu tukapekua shimo. Tukakuta chupa za maji, maganda ya ndizi na maembe, ukoko wa ubwabwa, maswali ya mitihani iliyopita yaliyochapwa upande mmoja, vyombo vyeupe vya chipsi, pakiti za biskuti.

Chupa

Hizi zilipata mwenyewe haraka. Kuna kijana wa guta anayepita mtaani kununua chuma chakavu na plastiki. Masharti yake ni mafupi: chupa iwe tupu, isiwe na mafuta wala mchanga, na vizibo viwekwe pembeni. Bei hapangi yeye, hupanda na kushuka kulingana na wanunuzi wa juu.

Suala la vizibo liliwashangaza wengi, kwa hiyo tulifanya jaribio kwenye ndoo ya maji pale kwenye kimbweta. Ukikata kipande cha chupa ya maji ukakizamisha, kinakaa chini. Kizibo kinaelea. Ni plastiki mbili tofauti. Chupa ni aina iitwayo PET, namba 1 ndani ya ile pembetatu ndogo chini ya chombo inayotaja aina ya plastiki. Vizibo kwa kawaida ni namba 2 au 5, jamii ya madumu na ndoo. Viwandani nako plastiki iliyosagwa hutenganishwa majini kwa njia hiyohiyo. Baada ya ndoo ile hakuna aliyehitaji bango. Watu walianza kupindua kila kitu chumbani kutafuta namba, hadi mswaki.

Vile vyombo vyeupe vya chipsi ni namba 6. Kijana wa guta alivitazama akacheka: "Kaka, hivyo hata bure sibebi." Kwa kitu kisicho na mnunuzi, dawa ni kutokuja nacho. Sasa baadhi yetu tunakwenda na hotpoti kwa mama lishe, naye hajalalamika kwa sababu anaokoa hela ya vyombo. Tena, nikiri upendeleo wangu, ukienda na chombo kikubwa mkono wake huwa mwepesi kuongeza.

Kuhusu maji yenyewe, vyumba kadhaa vimechangishana kununua dumu kubwa la kurudisha na kujaza. Chupa ndogo zimepungua. Kijana wa guta hakufurahi, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Mboji

Hapa ndipo muda wangu mwingi umekwenda. Tulijenga tenga la matofali ya zamani yasiyounganishwa kwa saruji, ili hewa ipite. Kanuni ni kuchanganya vibichi na vikavu: maganda na mabaki ya mboga upande mmoja, majani makavu ya miembe na maranda ya fundi seremala upande wa pili. Vikavu viwe vingi kuliko vibichi. Nyama, mifupa na mafuta haviingii, maana mbwa wa mtaa na panya hawahitaji barua ya mwaliko.

Kupima joto hatuna kipimajoto. Tunachomeka kipande cha nondo katikati ya rundo, tunakiacha kidogo, tunakichomoa. Kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kukishika, vijidudu vipo kazini. Kikiwa vuguvugu tu, tunageuza rundo na kuangalia unyevu. Ukifinya konzi ya mboji itoe tone moja au mawili; ikichuruzika imezidi.

Kuna wakati lilinuka vibaya, harufu kali inayopanda puani. Sherehe ya kuzaliwa ilikuwa imepita na sufuria nzima ya mabaki ikamwagwa humo bila majani. Tuliongeza maranda, tukageuza mfululizo, harufu ikakata.

Wakati wa kugeuza tulikuta mfuko wa sokoni, ule unaofanana na kitambaa, mzima kabisa, kamba zake zimekaza. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia Juni 1, 2019, na wengi wetu tunaamini hii iliyokuja badala yake ni nguo. Mingi ni plastiki, namba 5, iliyobanwa kwa joto bila kufumwa. Faida yake ni kwamba inatumika mara nyingi, basi itumike hivyo. Kuoza haiozi.

Karatasi

Hili lilikuwa jepesi. Tunakusanya zilizochapwa upande mmoja, dada wa stationari anazitoboa na kuzifunga kuwa madaftari ya rafu. Za hesabu hasa zinakwenda sana.

Tulipofikia, kabla ya likizo

Shimo bado lipo na bado linawashwa, ila si mara kwa mara kama zamani. Kilichobaki humo ni pakiti za biskuti, pedi na vyombo vya chipsi vya wale waliogoma kubeba hotpoti. Betri na chaja zilizokufa tumezitenga kwenye boksi chini ya ngazi, zisiingie motoni, mpaka tupate wa kuzipokea.

Mboji ya chini imekuwa nyeusi, inanukia udongo wa mvua. Wapangaji wakienda makwao rundo litakosa wa kulimwagilia, kwa hiyo tulizungumza na mzee mlinzi. Amekubali, kwa sharti moja: ya kwanza kuchekechwa iende kwenye matuta yake ya mchicha kando ya geti.