Nyota ya ncha nane kwa bikari na rula

Vigae vingi vya Kashan, mji wa Uajemi, vya karne ya 13 viko vya maumbo mawili, nyota na msalaba. Vile vilivyopamba kaburi la Imamzada Yahya kule Varamin, Uajemi, vina tarehe inayoangukia mwaka 1262 au 1263, na maandishi yake yamezunguka ukingo wa kila nyota. Macho hukimbilia nyota, na wanaojaribu kunakili nao huanza na nyota. Hapo ndipo mambo huharibika. Wanaoijua kazi hii huanza na miraba mitupu; nyota hutokea baadaye, na msalaba ni nafasi iliyobaki.

Chukua karatasi ya A4, penseli ngumu (2H inafaa), bikari isiyolegea na rula. Protrakta iache, maana hakuna pembe ya kupima. Chora mraba wa sm 20 kwa 20, kisha hakikisha kona ni za mraba kwa kupima ulalo (mstari wa kona hadi kona ya mkabala) wa pande zote mbili. Urefu usipolingana, futa uanze upya. Hakuna dawa nyingine. Gawa mraba huo katikati, nusu nazo katikati, upate miraba 16 ya sm 5. Kugawa kwa kukata nusu kunapunguza kosa kila hatua. Ukijumlisha sm 5, sm 5, sm 5 kutoka upande mmoja, kosa la nusu milimita hugeuka milimita mbili ukifika mwisho, na ncha hazigusani.

Ndani ya kila mraba mdogo chora ulalo zote mbili na mistari miwili ya katikati. Weka sindano ya bikari zinapokutana, fungua sm 2.5, zungusha. Duara litagusa pande nne katikati yake na kukata ulalo mahali panne. Hizo ndizo nukta zako nane. Unganisha nukta moja na ya pili yake, ukiruka iliyo katikati, mpaka upate miraba miwili iliyopandana, mmoja umesimama na mwingine umelala. Nyota imekwisha. Usiguse msalaba, ukishamaliza miraba 16 utauona wenyewe kati ya nyota nne nne.

Kuna ukaguzi mmoja ninaouamini kuliko rula. Fungua bikari kutoka kona ya mraba mdogo hadi ncha ya nyota iliyoielekea. Umbali huo, kama milimita 10, ndio urefu wa kila upande wa nyota. Ndio pia urefu wa kila upande wa msalaba, na maumbo yote mawili yana pande 16. Zungusha bikari hiyo kwenye kazi nzima: isipotoshea mahali, hapo ndipo mkono ulipoteleza. Mara nyingi chanzo ni tundu la sindano lililopanuka. Bandika kipande cha selotepu katikati kabla ya kuzungusha.

Ukitaka mkanda uliosukwa, usifute mistari ya ndani ya nyota. Chora mstari sambamba milimita moja kila upande wa mstari wa penseli, kisha fuata mkanda mmoja: juu, chini, juu, chini, kama ukili wa mkeka. Ukijikuta unapita juu mara mbili mfululizo, umehesabu kona kuwa ni makutano. Mkanda unapokunja tu haupiti juu wala chini ya kitu.

Ukishapitisha wino, gridi, yaani miraba na ulalo za penseli, hufutwa. Katika hati ya kukunja iliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya Topkapı, Istanbul, yenye michoro 114, mistari ya msingi imekwaruzwa kwenye karatasi bila wino. Mtazamaji hakukusudiwa kuiona. Uzuri unaotafutwa hapa ni wa mpangilio unaohisiwa bila kuonyeshwa, na ndiyo sababu nyota iliyokadiriwa kwa jicho huonekana imechoka hata kwa asiyejua kwa nini.

Fremu nayo ina sheria. Ikate kwenye vitovu tu, ama vya misalaba (kama ulivyochora hapa: nusu msalaba pembeni, robo kwenye kona), ama vya nyota. Hapo jicho linaelewa kuwa mchoro unaendelea nje ya ukuta. Ukikata popote pengine, itaonekana vigae vimekuishia.

Kule Fes, Moroko, kazi hii haichorwi bali hukatwa. Kigae cha mraba cha kama sm 10 kilichokwisha kuchomwa hukatwa vipande kwa nyundo yenye makali, na ukingo wa kila kipande huchongwa ukiingia ndani kuelekea mgongoni, ili nyuso zishikane na plasta ipate pa kuingia nyuma. Vipande hupangwa kifudifudi, rangi ikiwa chini, kisha plasta humwagwa juu. Fundi haoni rangi anayoipanga. Nyota na msalaba hazidhuriki kwa hilo kwa kuwa kushoto na kulia ni sawa, lakini mchoro unaozunguka kuelekea upande mmoja utatoka umegeuzwa asipoupindua mapema. Rangi ni za madini: bati hutoa weupe, shaba kijani, kobalti buluu, manganizi weusi.

Vigae vya kiwandani vyenye nyota iliyochapishwa sivichukii, ila kabla ya kulipa panga vinne sakafuni. Kama mchoro umekatwa kitovuni, utaungana. Kisha mwulize fundi ataacha fuga (nafasi kati ya vigae) ya milimita ngapi. Hata milimita tatu zinatosha kuzitenganisha ncha zilizopaswa kugusana, na msalaba ukafunguka miisho yake yote minne.