Kufuata Pesa za Rosenwald, Kusini mwa Chicago

Nilipanda treni ya juu, Laini ya Kijani, kuelekea kusini. Matawi yake mawili huachana baada ya kituo cha Garfield, kwa hiyo anayekwenda Bronzeville, mtaa wa kihistoria wa Weusi ulio kabla ya hapo, apande yoyote itakayotangulia. Wageni hukosea kituo cha 47th: Laini Nyekundu nayo ina 47th yake, ila hiyo iko katikati ya barabara kuu ya magari.

Niliteremka Indiana, nikatembea hadi kona ya Wabash na mtaa wa 38, penye jengo la YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, lililofunguliwa 1913. Julius Rosenwald, Myahudi aliyeongoza kampuni ya maduka ya Sears, Roebuck, aliahidi dola 25,000 kwa mji wowote utakaochanga 75,000 kujenga YMCA ya Weusi. Msipochanga, hakuna hundi. Mkenya angeiita harambee yenye mgeni rasmi mkali. Humu ndimo mwanahistoria Carter G. Woodson alimoanzisha chama cha kutafiti historia ya Weusi, 1915.

Masharti ya aina hiyo ndiyo yaliyojenga shule karibu 5,000 za watoto Weusi katika majimbo 15 ya kusini mwa Marekani, kati ya 1912 na 1932, mpango ambao Rosenwald aliuanza na Booker T. Washington, mwalimu Mweusi mashuhuri. Wanakijiji walitoa fedha, ardhi, mbao au nguvu zao. Mamlaka ya elimu nayo ilipaswa kuipokea shule iwe mali ya umma. Hapo mimi nasita: watu waliokwisha kulipa kodi walichangishwa mara ya pili. Ramani za majengo yenyewe, hata hivyo, zilifikiriwa sana. Umeme haukuwepo, hivyo madirisha marefu yalielekezwa mashariki na magharibi, na madawati yalipangwa mwanga uingie kushoto kwa mwanafunzi ili mkono unaoandika usitie kivuli. Kiwanja kilipokaa vingine, ilitakiwa ramani nyingine. Fundi akiligeuza jengo ili tu litazame barabara, darasa lilipoteza mwanga.

Kiebrania husema tsedaka, ndugu wa sadaka yetu, ila kwao mzizi wake ni haki. Rabi Emil Hirsch wa sinagogi la Sinai alihubiri hivyo, na Rosenwald alikuwa muumini wake.

Vituo viwili mbele, 47th, nilikwenda magharibi hadi Michigan. Nyumba za kupanga alizojenga Rosenwald 1929 zimezunguka ua mkubwa: ghorofa 5, fleti 421 hapo mwanzo, maduka chini upande wa mtaa wa 47. Hii haikuwa sadaka. Alitarajia faida ya asilimia 6, akitaka wawekezaji wengine waige. Faida haikufika hapo, na kodi ya nyumba ilikuwa juu ya uwezo wa maskini hasa. Jengo lilifungwa 2000, likakarabatiwa, likafunguliwa tena 2016. Ua ni wa wapangaji. Mgeni huchungulia langoni.

Basi namba 47 kwenda mashariki, kisha namba 6 kusini, hufika Jumba la Makumbusho la Sayansi na Viwanda, ndani ya jengo la maonyesho ya dunia ya 1893. Rosenwald alilifadhili kwa mamilioni, akakataa lisiitwe kwa jina lake, akafa 1932, mwaka mmoja kabla halijafunguliwa. Mfuko wake wa hisani aliagiza umalizwe ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake; ulifungwa 1948. Kurudi mjini, namba 6 hiyohiyo.