Usiku wa Kuamkia Jumamosi Ile Ile

Tuliondoka Auckland, New Zealand, usiku wa kuamkia Jumapili, tukaamkia Jumamosi. Si utani, wala tiketi haikukosewa. Ndege iliruka Jumamosi saa sita kasoro dakika tano usiku, ikakaa angani kwa muda wa saa tisa, ikatua Honolulu, Hawaii, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Jumamosi hiyo hiyo. Ukiisoma kalenda kama ilivyo, tulifika saa 14 kabla ya kuondoka.

Nililijua hilo tangu siku ya kukata tiketi, ila kujua hakukunisaidia kitu. Nilikuwa nimemsindikiza Shangazi, mwenye miaka sabini na ushei, ambaye haamini jambo mpaka alishike kwa mkono wake. Tulikuwa tunaizunguka dunia kuelekea mashariki, kituo baada ya kituo, na hiki ndicho kipande cha safari nilichokuwa nakingoja kwa hamu. Pale tulipokaa kusubiri kuitwa, nikamweleza habari ya mstari wa tarehe, ule wa kufikirika juu ya Pasifiki ambao ukiuvuka kwenda mashariki unarudi nyuma siku moja. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza:

"Na dawa yangu?"

Shangazi ana kisanduku cha plastiki cha kuwekea vidonge, vyumba saba vilivyopangwa mstari mmoja, kila kifuniko kimeandikwa jina la siku. Kifuniko cha Alhamisi kimelegea, amekibana kwa mpira. Kila asubuhi anameza kidonge kimoja cha presha kutoka chumba cha siku ile, halafu anaacha kifuniko wazi hadi jioni ili asije akajisahau akanywa tena. Jumamosi hiyo, saa mbili asubuhi, alikuwa ameshakinywa mbele ya macho yangu. Akakitoa kisanduku kwenye mkoba, akanionyesha chumba cha Jumamosi. Kitupu, kifuniko wazi.

"Unasema kesho nikiamka itakuwa Jumamosi. Haya. Ninywe nini? Hewa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, na nilipoanza kumjibu nikaona kwamba sina jibu. Je, inayokuja ni Jumamosi nyingine, au ni hii hii inarudiwa? Kama ni hii hii, ameshakunywa dawa ya leo, na akiongeza atakuwa amekunywa viwili kwa siku moja. Kama ni nyingine, basi wiki hii ina siku nane, na aliyetengeneza kile kisanduku hakulifikiria hilo.

Nikajaribu njia ya hesabu. Msimu ule Auckland ilikuwa mbele ya Honolulu kwa saa 23. Kwa hiyo nilipokuwa nafunga mabegi Jumamosi saa tisa alasiri, Honolulu ilikuwa bado Ijumaa saa kumi alasiri. Na ndege ilipoinuka, Jumamosi ya Honolulu ilikuwa ndiyo kwanza imeingia, haijatimiza hata saa moja. Hakuna mtu Honolulu aliyetuona tukiteremka kabla hatujapanda. Matukio yalifuatana kama kawaida yake, moja nyuma ya jingine, ila majina yake ndiyo yaliyorudi nyuma.

"Basi ni majina tu," nikasema kwa kujiamini.

"Majina tu," akaitikia, na kidole chake kiko juu ya kifuniko.

Ndani ya ndege wengi walilala upesi. Mimi nilikaa na swali ambalo lilianza kama mchezo. Tuseme polisi ananihoji: Jumamosi saa tano asubuhi ulikuwa wapi? Ninaweza kujibu kwamba nilikuwa bandarini Auckland natazama feri, na ni kweli. Ninaweza kujibu kwamba nilikuwa nje ya uwanja wa ndege wa Honolulu natafuta gari, na hiyo pia itakuwa kweli. Mashahidi nitawaleta wa pande zote mbili. Sikuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, maana mtu hawezi, na bado majibu yote mawili yatapita kwenye kiapo. Tatizo liko kwenye swali lenyewe, ambalo linadhani "Jumamosi saa tano" ni kitu kimoja kwa dunia nzima. Tunaliuliza hivyo kila siku, na kwa kuwa kwa kawaida tunakaa mahali pamoja, halitugeuki.

Mbele yangu kulikuwa na skrini yenye ramani, na kindege kidogo cheupe juu ya buluu. Nilikitazama kwa makusudi kabisa nione kinapoivuka tarehe. Sikuona kitu, ramani ile haikuchorwa mstari wowote. Rubani naye hakutangaza. Na kwa kweli angetangaza nini? Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakakubaliana kwamba longitudo ianze kuhesabiwa Greenwich. Upande wa pili wa dunia, nyuzi 180, ndipo tarehe inapokatikia. Lakini hakuna mkataba unaozilazimisha nchi zifuate siku gani. Kila nchi hujichagulia, na mstari unapinda kuifuata.

Kiribati, nchi ya visiwa iliyokuwa imepasuliwa katikati na mstari huo, iliusukuma mashariki mwaka 1995 ili wananchi wake wote wawe na siku moja. Kisiwa chao cha Kiritimati kiko karibu kusini kabisa mwa Honolulu. Jua linawachomozea takriban kwa pamoja, saa za ukutani zinalingana hadi dakika, ila huku kukiwa Jumamosi, kule ni Jumapili. Jirani yako wa kusini anaishi kesho. Samoa nayo, iliyotaka kuwa siku moja na washirika wake wa biashara, Australia na New Zealand, iliifuta Ijumaa ya tarehe 30 Desemba 2011. Watu walilala Alhamisi tarehe 29, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Aliyezaliwa tarehe 30 Desemba hakuwa na siku ya kuzaliwa mwaka huo, na hata hivyo umri wake uliongezeka bila kuomba ruhusa ya kalenda.

Kwa sababu ya mipango hiyo, kila tarehe huishi duniani karibu muda wa saa 50, tangu inapoingia Kiritimati hadi inapokata roho upande wa pili wa mstari. Na kila siku kuna kipindi kifupi ambacho tarehe tatu zipo duniani kwa pamoja. Ukiuliza "leo ni lini?" katika kipindi hicho, dunia ina majibu matatu, yote sahihi. Hili lilinikosesha usingizi kuliko injini.

Kwenye meza ndogo nilikuwa na kikombe cha maji. Maji yalitulia tuli, wakati ndege inakwenda kilomita mia tisa hivi kwa saa. Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1632, akimfikiria mtu aliyejifungia ndani ya meli inayokwenda bila kuyumba: hakuna anachoweza kukifanya mle ndani kikamwonyesha kama meli inatembea au imesimama. Nikafumba macho nijaribu kuhisi kwenda. Sikuhisi. Nikajaribu kuhisi usiku wa manane, au Jumamosi, au Jumapili. Nilichohisi ni goti linaloniuma na mkojo. Mwili una habari zake chache tu, na tarehe haimo.

Kulipokwisha kucha, jua likiwa limeshapanda upande wa mabawa, Shangazi akafumbua macho.

"Shikamoo, Shangazi."

"Ya Jumamosi ulishanipa jana," akasema. Halafu, kwa kunihurumia: "Marahaba."

Akatoa kisanduku. Kwa saa ya Auckland, ambayo sikuwa nimeibadilisha mkononi, zilikuwa zimepita takriban saa 24 tangu kidonge kilichopita. Nikamwambia moyo wake haujui kusoma vifuniko, unahesabu muda. Alipewa agizo la kidonge kimoja kila asubuhi, na hii hapa dirishani ni asubuhi. Akafungua Jumapili, akameza, akaacha kifuniko wazi. Dakika chache baadaye rubani akatukaribisha Honolulu, akatutakia Jumamosi njema. Shangazi akanigeukia kama vile mimi ndiye niliyesema uongo.

Kuanzia pale, kisanduku chake kilikuwa siku moja mbele ya dunia nzima. Nilimshauri avihamishe vidonge chumba kimoja nyuma ili majina yalingane. Akakataa katakata. Kila asubuhi ya safari iliyobaki alifungua kesho. Mimi kwa upande wangu nilikuwa na shajara ya ukurasa mmoja kwa kila tarehe, na ile Jumamosi ilinibana. Ya kwanza ilikuwa imeshajaza ukurasa, ya pili nikaiandika pembeni kwa herufi ndogo, kwa kuizungusha karatasi. Ukiisoma leo utadhani ya pili ilikuwa siku ya hovyo. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, ila ilikosa nafasi.

Hatukuwa wa kwanza kutatizwa. Mwezi Julai 1522, Victoria, meli pekee iliyofanikiwa kuizunguka dunia kati ya zile alizoondoka nazo baharia Magellan, ilitia nanga visiwa vya Cape Verde. Antonio Pigafetta, mwandishi wa habari za safari hiyo, alikuwa ameandika siku zake zote bila kukatisha, maana hakuwahi kuugua. Kwa hesabu yake ilikuwa Jumatano. Waliotumwa nchi kavu wakaambiwa ni Alhamisi. Alistaajabu, kisha akaelewa: wamelifuata jua kwenda magharibi, kila siku yao ilikuwa ndefu kidogo, na mwishowe wakapungukiwa na siku moja. Kinachonishangaza mimi ni kwamba Abu al-Fida, mwanajiografia wa Sham aliyefariki mwaka 1331, alikuwa ameshalipiga hesabu jambo hilo kwa akili tupu, karibu karne mbili kabla mtu yeyote hajamaliza mzunguko huo. Watu watatu, mmoja aende magharibi, mmoja mashariki, mmoja abaki. Wakikutana, hesabu zao za siku hazitalingana: wa magharibi atapungukiwa moja, wa mashariki atazidi moja.

Sisi tulikuwa yule wa mashariki. Hapo ndipo nilipoielewa ile Jumamosi. Tangu mwanzo wa safari, kila tulipotua tulisogeza saa mbele, na kila tulipoisogeza siku yetu ilipungua kipande. Hatukuona hasara, saa moja hapa, mbili pale, tukadhani ni uchovu. Kumbe kulikuwa na fundi anavikusanya vile vipande, na juu ya Pasifiki akatuunganishia siku nzima, vipande vilivyopungua akavikopa kwenye vituo vilivyobaki mbele. Hatukuongezewa hata dakika ya maisha.

Tena tulipungukiwa, kama unataka usahihi. Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipanda ndege za kawaida za abiria wakiwa na saa za atomiki nne, wakaizungusha dunia mara moja kuelekea mashariki, mara moja magharibi, kisha wakazilinganisha na zile zilizobaki maabara. Za mashariki zilichelewa kwa nanosekunde 59 hivi. Za magharibi zilitangulia kwa 273. Nanosekunde ni sekunde moja igawanywe kwa bilioni. Einstein alikuwa ametabiri kwamba mwendo na kimo vinaugusa wakati wenyewe, si mashine peke yake. Nilimsomea Shangazi habari hii tukiwa kwenye ndege ya mwisho. Akauliza kama maana yake ni kwamba amekuwa kijana. Kidogo, nikamwambia. Akajitazama viganja, akasema hajaona.

Tuliporudi tulikoanzia, tarehe yetu na ya waliobaki zikawa sawa, kama Abu al-Fida angetarajia ukishaitoa ile iliyozidi. Kisanduku ndicho kilichogoma. Dada yake mkubwa, anayekunywa dawa hiyo hiyo na aliyejaza kisanduku chake siku moja na Shangazi, alikuwa anafungua Jumanne. Shangazi anafungua Jumatano.

"Umezidisha dawa," dada mtu akasema.

"Sikuzidisha. Kila kulipokucha nilikunywa kimoja. Kumenichea mara moja zaidi yako."

"Wapi? Tumekaa muda ule ule. Mimi nilikuwa hapa nahesabu."

"Wewe umehesabu tarehe. Mimi nimehesabu asubuhi."

Dada mtu akawaza kidogo. Akasema kama ni hivyo, basi mdogo wake amemzidi umri, na kama amemzidi umri kuanzia kesho yeye ndiye wa kuamkiwa shikamoo. Shangazi akasema siku moja haitoshi kuziba pengo la miaka minne, ila ikifuatiwa na nyingine za kutosha, watazungumza. Wakaanza kukadiria ni mizunguko mingapi. Hapo nikaona ni haki nitaje zile nanosekunde 59, kwamba kwa kweli Shangazi amerudi mdogo zaidi kuliko alivyoondoka, ukimlinganisha na dada yake. Nikaambiwa niende nikafungue mabegi.