Demi Moore na daku langu

Tuzo za filamu za Oscar za Machi 2025 zilitukuta Ramadhani ndiyo kwanza changa. Kwao Los Angeles Jumapili saa kumi alasiri, kwetu Unguja ishakuwa Jumatatu, saa tisa za usiku. Mama anapasha moto maharage ya nazi. Mie nimeiegemeza simu kwenye chupa ya chai, daftari liko mapajani, bando linayeyuka. Mama akachungulia mlangoni: "Mwanangu, hao wazungu wana deni lako?"

Daftari hilo ndilo la ubashiri. Upande wa kushoto majina yangu, wa kulia ya washindani wangu watatu wa Jaws Corner. Kwa wasiopajua: baraza hilo la kahawa, kama tulivyohadithiwa, lilipata jina kwa filamu ile ya papa ya 1975. Filamu yenyewe ilishindania filamu bora ikakosa, ikaondoka na tuzo tatu, za uhariri, muziki na sauti. Steven Spielberg aliyeiongoza hata kuteuliwa hakuteuliwa. Basi ndipo hapo tunapokaa kubashiri.

Mwanzo aliyeshindwa alilipia kahawa ya wote. Mzee mmoja anayecheza dhumna pembeni akatusikia, akasema bila kuinua macho, "Hiyo kamari, wanangu." Tukaacha. Siku hizi tunashindania maneno tu, na maneno ya pale yanachoma kuliko bei ya vikombe kumi.

Watu wanadhani kubashiri ni kujua filamu ipi nzuri. Uzuri haumo kabisa. Unabashiri watu, karibu elfu kumi, wakiwemo waigizaji, waongozaji na watayarishaji, ambao vyama vyao hutoa tuzo zao kabla ya Oscar. Ukitaka kujua watapiga kura vipi, tazama huko walikokwisha piga.

Kasheshe ni filamu bora, maana hesabu yake ni ya peke yake. Tangu tuzo za 2010 mpigakura anazipanga filamu kwa ngazi, ya kwanza hadi ya mwisho. Nilieleza mpaka nikachoka, nikaona bora nitumie chakula. Tulikuwa watu tisa. Kila mtu apange urojo, biriani na pweza. Urojo ukapata wanne, biriani watatu, pweza wawili. Wakashangilia urojo. Ngojeni, nikasema, hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo wa mwisho anatoka na kura zake zinahamia chaguo la pili. Wale wawili wa pweza wote walikuwa wameandika biriani. Biriani tano, urojo nne. Mmoja akanambia nimeiba kura, na hapa kwetu neno hilo halisemwi kwa mzaha.

Kwa hiyo filamu bora, Anora ya Sean Baker, niliipata. Chama cha waongozaji na cha watayarishaji vyote vilikuwa vimeipa tuzo Februari 8, na hao watayarishaji hupanga kwa ngazi vilevile. Hapo sikuhitaji akili.

Kwa mwigizaji bora wa kike nilimwandika Demi Moore kwa kalamu ya wino, si ya risasi. Alishachukua Golden Globe, akachukua na ya chama cha waigizaji. Lakini niseme kweli: nilinaswa na hotuba yake ya Golden Globe, aliposema miaka thelathini nyuma produsa mmoja alimwita mwigizaji wa bisi, yaani wa filamu za kuburudisha tu, si za tuzo. Nikamwonea huruma, nikasema hii ni zamu yake. Kalenda nikaiweka kando. Kura za Oscar zilifungwa Februari 18. Siku mbili kabla, kura bado zinapigwa, BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, walimpa Mikey Madison wa Anora. Na filamu ikishapendwa kiasi kile, mwigizaji wake huvutwa nayo.

Si mara ya kwanza. Mwaka 2022 Tanzania ilipeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, kushindania filamu bora ya kimataifa. Nchi zaidi ya 90, orodha fupi nafasi 15. Nikaiandika ndani. Sababu? Nilivijua vichochoro vyake, ni vya kwetu Unguja! Haikuingia.

Jua lilikuwa limeshachomoza waliposoma jina la Mikey Madison. Dakika chache baadaye Anora ikafunga kwa tuzo ya tano, nne kati ya hizo za Sean Baker mwenyewe. Mie sina hata pa kupeleka hasira, kahawa mpaka magharibi.

Baada ya tarawehe nikafika barazani, kikombe changu kimeshamiminwa. Wote kimya, wananitazama. Muuza kahawa, ambaye hakuiona filamu hata moja, akaniwekea kashata na kuniuliza kwa upole, "Hivi huyo Demi ni nani yako?"