Ndiyo maana nauliza

Tangu Jumamosi nina maneno matatu kichwani na hayataki kutoka: "Ndiyo maana nauliza."

Tulikuwa kwa Baba Mkubwa, kwenye lile bwawa la perege, mimi na mtoto wa kaka. Asubuhi yenye umande ndiyo nzuri kwa kupiga picha za kereng'ende, maana wakiwa na baridi hawaruki ovyo, lakini tulichelewa na jua lilikuwa utosini. Nikalala kifudifudi kwenye nyasi, simu nimeilaza sambamba na ubavu wa kereng'ende mmoja. Ukimpiga kwa mshazari unapata macho tu, mkia wote ukungu.

Alikuwa mmoja wa wale wembamba, sentimita tatu hivi, mabawa kayakunja mgongoni. Kifua cha kijani chenye mistari myeusi, na karibu na ncha ya mkia pingili moja ya bluu, kama kadondoshewa wino. Nikaanza somo. Huyu ni Ischnura senegalensis, mtaalamu wa wadudu Rambur alimpa jina mwaka 1842, yupo kwenye madimbwi ya Afrika mpaka Japani, na rangi hizo ni za dume.

Mkia ulikuwa umepinda, ncha imezama kwenye bua la gugu.

"Shangazi, mbona kama anataga?"

"Madume hawatagi, wewe."

"Ndiyo maana nauliza."

Nikamwambia asogee, ananitilia kivuli. Hakuwa ananitilia kivuli.

Jana usiku, wageni walipoondoka, niliikuza ile picha. Chini ya mkia, karibu na ncha, kuna kijinundu kilichochongoka: kifaa cha kutagia. Kule mbele, chini ya tumbo panapoungana na kifua, ambako dume angekuwa na kivimbe chake, ni laini kabisa.

Jike. Na hili nililijua, nimewahi hata kulifundisha! Baadhi ya majike wa aina hii huvaa rangi za dume, na inasemekana madume huwapita wakidhani ni wenzao, nao wakapata kupumua. Majike wengine huanza na rangi ya chungwa, kisha hugeuka kuwa kama tope la kijani.

Nilicheka peke yangu jikoni. Kumbe nina picha nzuri kuliko nilivyodhani: jike mwenye sare ya dume, anataga peke yake mchana kweupe. Nilikuwa nimepiga kitu nisichokiona, na aliyekiona nikamfukuza.

Nilitaka kumtumia hapo hapo, lakini karudi bweni na simu hawaruhusiwi mpaka likizo. Itabidi barua. Nimeandika "Mpendwa mwanangu, kuhusu yule dume", nikakata, nikaandika "yule jike", nikakata tena.